Loch Fyne: Nani Alitaka Kijiji Hiki Kiwe Hapa?

Julai 1818 mshairi John Keats, wakati huo kijana wa miaka 22, alikuwa akikata milima ya magharibi ya Uskoti kwa miguu pamoja na rafiki yake. Waliondoka alfajiri bila kutia kitu tumboni, wakajipa moyo kwamba mbele kuna mahali paitwapo Rest and Be Thankful, yaani "pumzika na ushukuru". Kwa jina kama hilo, nani asingedhani ni gesti? Walipomaliza kupanda wakakuta jiwe. Jiwe tu, limesimamishwa kando ya njia. Ikawabidi watembee maili tano zaidi, kama kilomita nane, hadi kijiji cha Cairndow kwenye kichwa cha Loch Fyne, pale maji yanapoishia, ndipo wakapata kifungua kinywa. Keats alimwandikia mdogo wake Tom kulalamika kwamba jina lile limewatapeli. Kisha akaingia kuoga katika maji ya Loch Fyne, pange wakamvamia, naye akawatungia shairi la kejeli.

Kosa la Keats lilikuwa na mantiki, na watalii wa leo hulirudia kwa namna nyingine. Wanafika Inveraray, wanaona mji mweupe umejipanga sawasawa ukingoni mwa maji, wanasema: mji wa kale huu. Wanapita kwenye magofu ya mawe yaliyofunikwa na majani, wanasema: hapa palipiganwa vita. Wanakuta hoteli moja peke yake ufukweni, haina kijiji nyuma wala mbele, wanajiuliza aliyeijenga alikuwa na akili gani. Karibu kila mara jibu la kwanza linalokuja kichwani si sahihi, kwa sababu mazingira haya yanasomeka vizuri tu kwa mtu anayejua mambo mawili. La kwanza, maji ndiyo yaliyokuwa barabara. La pili, ardhi ilikuwa na wenyewe wachache sana, na mmoja wao alikuwa mkubwa kuliko wote.

Loch Fyne si ziwa, ingawa Waskoti hutumia neno hilohilo kwa maziwa yao. Ni hori ya bahari, mkono mwembamba wa maji ya chumvi ulioingia ndani ya mkoa wa Argyll kwa kilomita 65 hivi, mrefu kuliko hori nyingine zote za Uskoti. Pande zote mbili kuna vilima, mabonde yenye matope na mito inayofurika bila kuaga. Kabla ya barabara, mtu aliyetaka kupeleka magunia, samaki, barua au bibi harusi alitumia chombo. Kwa hiyo vijiji vilitazama maji, na gesti zilikaa pale ambapo safari ya nchi kavu inakutana na safari ya majini.

Chukua St Catherines, upande wa mashariki, karibu mkabala na Inveraray. Ukizunguka kwa gari kupitia kichwa cha hori ni zaidi ya kilomita 20. Kwa mashua ni kilomita mbili au tatu tu. Ndiyo maana palikuwa na kivuko hapo, na penye kivuko pana watu wanaosubiri, na watu wanaosubiri kwenye mvua ya Argyll wanahitaji moto, mchuzi na kitu cha kuchangamsha koo. Gesti ikazaliwa. Chini zaidi kuna Otter Ferry, penye ulimi wa mchanga ulioingia majini zaidi ya kilomita moja. Kivuko kimekufa zamani, lakini jina bado linatangaza kivuko, na mgeni asiyejua anaweza kusimama pale akisubiri pantoni isiyokuja. Huko Strachur, Creggans Inn iko hivyohivyo, ukingoni. Inasimuliwa kwamba Malkia Mary wa Waskoti aliteremka hapo mwaka 1563 akitokea Inveraray. Karne ya 20 gesti hiyo ilikuwa mali ya Sir Fitzroy Maclean, mwanajeshi, mwanadiplomasia na mbunge, ambaye Vita Kuu ya Pili ilimpeleka Yugoslavia kama mjumbe kwa Tito, kiongozi wa wapiganaji wa msituni huko. Katika karne ya 19 meli za moshi kutoka Glasgow zilizidisha pilikapilika hizo, kila kijiji kikataka gati lake. Kisha lami na magari vikaja, vivuko vikafungwa kimoja baada ya kingine, na gesti zikabaki mahali pale, zikitazama njia ambayo hakuna tena anayepita. Hoteli inayoonekana imepotea njia, ukweli ni kwamba njia ndiyo iliyoikimbia.

Sasa turudi kwa lile jiwe. Barabara ya kutoka Dumbarton hadi Inveraray ilijengwa na jeshi katika miaka ya 1740, chini ya Meja William Caulfeild. Serikali ya London ilikuwa na hofu na koo za milimani zilizotaka kuurudisha ukoo wa kifalme wa Stuart. Uasi wa mwaka 1745 ulipozuka ukaisimamisha kazi, na ulipozimwa pale Culloden, Aprili 1746, askari wakarudi kwenye sururu. Mwaka 1748 kikosi kilichofikisha barabara juu ya mlima, kwenye mwinuko wa takriban mita 245, kilisimamisha jiwe lenye maneno yale. Maneno yalikuwa ya wanajeshi waliochoka, hayakuwa tangazo la biashara. Barabara haikujengwa kwa ajili ya wasafiri, wala kwa ajili ya wenyeji. Ilijengwa ili mizinga na askari wafike haraka kwa Duke wa Argyll, yule mwenye ardhi mkubwa kuliko wote, rafiki wa serikali katika eneo lisiloaminika. Wasafiri waliidandia baadaye. Na mlima wenyewe haujashukuru mpaka leo: barabara kuu ya sasa, A83, hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya maporomoko ya udongo, na magari yakizuiwa huelekezwa kwenye ile njia ya zamani ya wanajeshi chini bondeni.

Cairndow ilinufaika na mlima huo. Ni kijiji cha kubadilishia farasi. Farasi waliovuta gari kupanda ule mlima hawakuwa na nguvu ya kuendelea, na gesti ya hapo ikawa ya lazima kwa kila mtu, awe tajiri au mtembea kwa miguu kama Keats. Mwandishi Dorothy Wordsworth alipita na kaka yake, mshairi William, mwaka 1803. Malkia Victoria naye alipita mwaka 1875 akielekea Inveraray kumwona binti yake Louise, aliyeolewa na mrithi wa Duke. Kanisa dogo jeupe la Kilmorich, lenye kuta nane, ni la mwaka 1816, kwa hiyo lilikuwa bado linanukia chokaa Keats alipofika.

Mji uliohamishwa ili usimkere bwana

Inveraray ndiyo kiini cha fundo zima, na inastahili kuelezwa taratibu.

Mji wa jina hilo ulikuwepo karne nyingi kabla. Ulipata hadhi ya mji wa kifalme mwaka 1648, ulikuwa na mahakama, soko, wavuvi na nyumba zilizobanana karibu na mdomo wa mto Aray, chini kabisa ya ngome ya wakuu wa ukoo wa Campbell. Nembo yake ilibeba maneno ya Kilatini yanayomwombea mwenye mji asikose samaki wa heringi aliyening'inia, na hiyo inaonyesha mji ulikula nini. Mwaka 1743 Archibald Campbell akawa Duke wa tatu wa Argyll. Alikuwa mwanasiasa mwenye nguvu kuliko wote Uskoti, mpenda vitabu na mpenda miti, karibu miaka 60. Aliitazama ngome yake iliyochakaa na mji uliojazana mlangoni pake, akaamua mambo mawili kwa mpigo: ngome mpya, na mji uhame.

Ndiyo, uhame. Ulikuwa unazuia mandhari. Alitaka bustani na malisho yashuke kutoka dirishani hadi majini bila nyumba za watu katikati. Msingi wa ngome mpya uliwekwa mwaka 1746, mwaka uleule wa Culloden, kwa michoro ya Roger Morris. Mawe yake ya rangi ya kijivu-kijani yalichimbwa Creggans, ng'ambo, yakavushwa kwa vyombo, maana hata jumba la bwana lilitegemea njia ya maji. Mji mpya ukapangwa kwenye rasi ndogo kusini, nje ya macho ya jumba. Duke huyo alifariki mwaka 1761 kabla hajafaidi. Duke wa tano ndiye aliyeikamilisha kazi katika miaka ya 1770 na 1780, akimtumia msanifu Robert Mylne, na mji wa zamani ukabomolewa hadi jiwe la mwisho. Leo mahali ulipokuwa ni nyasi zilizokatwa vizuri.

Kwa hiyo mji "wa kale" anaoupiga picha mtalii ni mradi wa mipango miji wa karne ya 18, wenye mtaa mkuu mmoja, kanisa katikati, na safu ya kuta nyeupe zilizotazamishwa majini kwa makusudi ili zipendeze ukikaribia. Hata ile minara minne ya ngome yenye paa zilizochongoka, ambayo kila kadi ya posta inaionyesha kama roho ya enzi za kati, haikuwa na paa hizo mwanzo. Ziliongezwa baada ya moto wa mwaka 1877. Mimi naiona nzuri bado. Lakini ni uzuri wa mtu aliyekuwa na uwezo wa kuondoa majirani zake.

Jengo moja kati ya ya kwanza kabisa katika mji mpya lilikuwa gesti, na hilo halikuwa jambo la bahati. John Adam aliichora, nayo ikajengwa katika miaka ya 1750, kubwa kupita kiasi kwa mji wenyewe. Leo inaitwa Inveraray Inn. Ilihitajika kwa sababu majaji wa mahakama ya mzunguko walikuja hapa na msururu wa mawakili na makarani, na kwa sababu ngome ya Duke ilivuta wageni ambao wengine hawakuwa wakubwa kiasi cha kulazwa ndani. Oktoba 1773 walilala hapo Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi kutoka London, na rafiki yake James Boswell. Johnson, ambaye kwa kawaida hakuwa akinywa kileo, aliagiza whisky aonje ni kitu gani hicho kinachowafurahisha Waskoti. Siku mbili baadaye walikula chakula ngomeni, ambako mke wa Duke alimkarimu Johnson na kumfanya Boswell kama hayupo. Alikuwa na kinyongo naye kuhusu kesi ya urithi iliyomhusu mwanawe, ambayo Boswell aliishabikia upande wa pili. Boswell akayaandika yote, kwa maana ni mtu ambaye hata kudharauliwa hakukumpotea bila kuweka kumbukumbu.

Robert Burns alipata mabaya zaidi mwaka 1787. Gesti ilikuwa imejaa watu wa Duke, mwenye gesti akawashughulikia hao na kumwacha mshairi akisubiri. Burns aliondoka akiwa ameacha beti za kumhurumia yeyote anayefika Inveraray bila kuja kumsujudia bwana wa mahali. Katika kisa hicho kuna siasa nzima ya gesti za nchi hii. Mwenye gesti alikuwa mpangaji wa Duke. Jengo la Duke, shamba la kulishia farasi la Duke, leseni ya kuuza kileo ilitoka kwa watu walewale. Mteja halisi alikuwa yule aliyekaa ngomeni.

Kanisa la Mylne lililofunguliwa mwanzoni mwa karne ya 19 lina jambo ambalo wengi hupita bila kuliona. Ni makanisa mawili chini ya paa moja, yenye ukuta katikati: nusu moja kwa wasali wa Kiingereza, nusu nyingine kwa wasali wa Kigaeli, lugha ya asili ya milima hii. Wafanyabiashara, maofisa na watu wa ngome upande mmoja, wavuvi, watumishi na wakulima upande wa pili, kila Jumapili. Mnara wake uliochongoka uliondolewa mwaka 1941 kwa sababu ulikuwa hatari. Nusu ya Kigaeli baadaye ikageuzwa ukumbi, kwani waliosali kwa lugha hiyo walikuwa wamepungua mno.

Kosa jingine la kurekebisha ni la jela. Inveraray Jail ni makumbusho maarufu, na wageni wengi huingia wakidhani ndimo alimohukumiwa James Stewart wa Glens. Hapana. Stewart alishtakiwa Septemba 1752 kwa kushiriki mauaji ya Colin Campbell, wakala aliyekuwa akisimamia ardhi zilizotaifishwa baada ya uasi. Aliyeongoza mahakama alikuwa Duke wa Argyll mwenyewe, na kati ya wazee 15 wa baraza, 11 walikuwa wa ukoo wa Campbell. Stewart alinyongwa Novemba mwaka huo, na wanahistoria wengi wanaona hakutendewa haki. Lakini kesi hiyo iliendeshwa katika mji wa zamani, ule uliobomolewa. Jengo la mahakama linaloonekana leo ni la mwaka 1820, na jela yake ilifungwa mwaka 1889. Duke alipoupangua mji, chumba cha kesi hiyo nacho kilikwenda na vifusi.

Kijiji ambacho mpango haukukifikia

Kilomita kumi hivi kusini magharibi mwa Inveraray, juu kidogo ya barabara, kuna Auchindrain. Ukitoka kwenye mji wa kuta nyeupe, mahali hapa panaweza kuonekana duni: nyumba ndefu za mawe zilizotawanyika bila mtaa, nyingine zenye paa la nyasi, nyingine la mabati mekundu. Kwa maoni yangu ndiyo alama kubwa kuliko zote za Loch Fyne, kwa sababu inaonyesha watu wengi wa nchi hii waliishi vipi kabla ya watu wa kalamu na rula.

Utaratibu ulikuwa hivi. Familia kadhaa zilikodi ardhi kwa pamoja kutoka kwa Duke na kuilipia pamoja. Ardhi ya kulima ilikatwa vipande virefu vyembamba, na kila familia ikapewa vipande hapa na pale, ili mmoja asichukue udongo wote mzuri na mwenzake abaki na matope. Mlimani kulikuwa na malisho ya pamoja, kila nyumba na idadi yake ya ng'ombe. Nyumba moja iliwahifadhi watu upande mmoja na mifugo upande wa pili, na sakafu iliinama kuelekea kwa ng'ombe ili mkojo usije jikoni. Msomaji aliyekulia kijijini ataelewa hesabu ya joto inayopatikana hapo wakati wa baridi.

Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 18 wenye ardhi walianza kuuona utaratibu huo kama upotevu. Kondoo walilipa zaidi, na kondoo wanataka shamba moja kubwa lenye mpangaji mmoja. Vijiji vya pamoja vikavunjwa: wengine wakapewa viwanja vidogo pembezoni, wengine wakasogezwa kwenye vijiji vya uvuvi, wengine wakaenda Glasgow au Kanada. Yale magofu ambayo mtalii huyadhania ya vita, mengi ni ya hapo. Hakuna aliyepigana. Mkataba wa kodi haukuongezwa muda, basi.

Auchindrain nayo ilikuwa kwenye orodha. Mwaka 1789 mpima ardhi George Langlands aliichora upya kwa ajili ya kuigawa, lakini mpango ukabaki kwenye karatasi. Malkia Victoria alipopita mwaka 1875 akiwa mgeni wa familia ya Duke, alionyeshwa kijiji hiki kama kitu cha ajabu kilichosalia kutoka zamani, wakati wenyewe walikuwa wanaishi humo na kukamua ng'ombe wao. Mpangaji wa mwisho aliondoka katika miaka ya 1960, na mwaka 1968 pakafunguliwa kuwa makumbusho. Sasa linganisha: Inveraray ilipangwa ikapona kwa sababu iliangaliwa, Auchindrain ilipona kwa sababu ilisahaulika.

Vijiji vya kazi

Vijiji vingine vya pwani hii vilizaliwa na biashara moja moja, na hadithi zake ni fupi.

Furnace ni kijiji cha tanuri, na tanuri lenyewe bado limesimama, jiwe la juu ya mlango likiwa na mwaka 1755. Wamiliki walikuwa kampuni ya chuma kutoka kaskazini magharibi mwa Uingereza, na madini yalisafirishwa kwa meli mpaka hapa. Mtu anaweza kuuliza kwa nini uvushe mawe bahari nzima badala ya kuyeyushia kwenu. Jibu ni mkaa. Tanuri la siku hizo lilikula mkaa kwa wingi, mkaa huchukua nafasi na huvunjika ukibebwa mbali, na misitu ya mialoni ya Loch Fyne ilikuwa ya Duke, tayari kuuza. Ilikuwa nafuu kuyapeleka madini kwenye miti. Tanuri lilizimwa mwaka 1813. Baadaye hapohapo pakawa na kiwanda cha baruti, na machimbo ya mawe ya kutandikia mitaa ya Glasgow.

Ardrishaig ni zao la mfereji. Mfereji wa Crinan, kilomita 14 na milango 15 ya maji, ulifunguliwa mwaka 1801 ili vyombo visizunguke rasi nzima ya Kintyre yenye bahari kali. Victoria aliupitia mwaka 1847, na kampuni za meli hazikuchelewa kuiuza njia hiyo kwa watalii kama njia ya kifalme.

Tarbert ni ya zamani zaidi, na jiografia inaeleza kila kitu. Hapo hori mbili zinakaribiana kiasi kwamba kati yake kuna kipande cha nchi kavu kisichofika kilomita mbili. Mwaka 1098, husimulia masimulizi ya Wanorwe, Mfalme Magnus aliburutiwa merikebu yake juu ya kipande hicho yeye akiwa amekaa kwenye usukani, ili adai kwamba Kintyre ni kisiwa na hivyo ni chake, maana mapatano na mfalme wa Uskoti yalimpa visiwa. Mfalme wa Uskoti Robert the Bruce aliiimarisha ngome iliyo juu ya bandari katika karne ya 14. Lakini umaarufu wa Tarbert kwa wavuvi unatokana na wavu. Katika miaka ya 1830 wavuvi wa hapa walianza kuwazungushia heringi nyavu kwa mashua mbili, wakavua sana kuliko wenzao waliotega nyavu za kuning'iniza usiku kucha. Wenzao wakalalamika, bunge likaupiga marufuku uvuvi huo mwaka 1851, serikali ikaleta manowari kuwasaka wavuvi, na mwaka 1861 kijana mmoja mvuvi akapigwa risasi akafa. Marufuku iliondolewa kabla ya muongo huo kuisha. Heringi wenyewe baadaye walipungua hadi bandari ikabaki na kamba na kome.

Kusini ya Tarbert kuna kijiji cha Clachan, na hapo msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kusimama. Sir William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown mwisho wa rasi hiyohiyo, alitajirika kwa meli zilizofanya biashara na India. Mwaka 1872 meli zake zilianza kupeleka barua Zanzibar. Mwaka 1888 kampuni yake, Imperial British East Africa Company, ilipewa hati ya kutawala sehemu ya Afrika Mashariki, na barabara aliyoianzisha kutoka Mombasa kuelekea bara iliacha jina lake kwenye mji mdogo wa Mackinnon Road, ambao madereva wengi wanaujua zaidi kwa msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali. Faida ya meli aliitumia kununua alichokosa kwa kuzaliwa: ardhi, jumba la Balinakill hapo Clachan, na hadhi ya bwana wa kijiji. Alifariki mwaka 1893 na kuzikwa Clachan. Kwa hiyo pesa zilizojenga pembe hii ya Argyll zina harufu kidogo ya bandari zetu.

Upande wa mashariki una ngome yake ya kusikitisha, ya ukoo wa Maclachlan. Mkuu wao alimfuata mwana wa ukoo wa Stuart katika ule uasi wa 1745 na kuuawa Culloden. Mwaka huohuo meli ya serikali ilipanda horini na kuipiga ngome kwa mizinga. Hili ndilo gofu la vita la kweli la pwani hii, na si ajabu kwamba lilipigwa kutoka majini.

Kipande cha mwisho ni kijiji ambacho hakimo kwenye vitabu vya watalii, ingawa kwangu kinafundisha sawa na Inveraray. Karibu na mdomo wa hori, hapo Portavadie, katika miaka ya 1970 serikali iliamua kuingia kwenye neema ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Lilichimbwa shimo kubwa la kujengea majukwaa ya zege, na kando yake kikajengwa kijiji kizima, Pollphail, chenye vyumba vya wafanyakazi wapatao 500, jiko na sehemu ya kufulia. Haikupatikana oda hata moja. Soko lilikuwa limegeukia majukwaa ya chuma, na hakuna mfanyakazi aliyelala hapo hata usiku mmoja. Kwa takriban miaka 40 popo, mbuzi na wachoraji wa kuta walikuwa ndio wapangaji pekee, hadi kilipobomolewa mwaka 2016. Lile shimo la majukwaa likaingiziwa maji na kufanywa maegesho ya mashua za starehe, penye mgahawa na vyumba vya kulala, na wageni wengi hufika hapo kwa chombo.